Ndoo Ishirini za Litundulwe

Kazi yangu mwaka ule wa tisini na sita ilikuwa kuuliza maswali na kuondoka. Nilipewa vijiji kumi na vinne kwa siku tisa, Landrova moja na fomu yenye kurasa sita. Wafadhili walikuwa wamefunga pampu za mkono mwaka themanini na tano, wakaenda zao, na sasa walitaka kujua kama pampu zao bado zinatoa maji. Mwisho wa fomu kulikuwa na swali moja: mradi ni endelevu, ndiyo au hapana? Neno hilo "endelevu" lilikuwa geni ofisini kwetu Songea. Tulilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayetembea na viatu vipya.

Siku ya nane nilikuwa nimeshachelewa kwa vijiji vitatu. Mimi kuchelewa kunaniwasha mwili mzima. Tulipita Peramiho bila hata kunywa chai, na dereva wangu Swalehe, Myao wa Nalasi asiyejua haraka ni kitu gani, akawa ananiangalia kwa jicho la pembeni.

"Dada Tumpe, vijiji havihami," aliniambia. "Inshallah tutavikuta."

"Endesha gari, Swalehe."

Katika vijiji tisa nilivyokwisha kukagua, pampu saba zilikuwa zimekufa. Moja mbuzi walikuwa wanajikunia. Kwa hiyo tulipofika Litundulwe, nusura nicheke kwa furaha. Pampu ilizungushiwa uzio wa mianzi. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imefagiwa, na rangi ya buluu ilikuwa bado inang'aa kama ya dukani. Kwenye mpini palikuwa na mnyororo na kufuli.

Mzee aliyekuja na ufunguo alikuwa Hironimus, fundi wa pampu. Alivaa koti la suti lililopauka, na mkononi alishika cheti cha mafunzo yake ya wiki mbili, kimefungwa kwenye nailoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

Mimi ni Mmoraviani wa Tukuyu, lakini miaka minne Songea imenifunza. "Milele amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uione. Ni nzima kabisa."

Nilianza kuandika nikiwa nimesimama. Imefungwa lini, imeharibika mara ngapi, nani anaitunza. Mzee alijibu vizuri sana, na kila jibu lilikwenda kwenye kisanduku chake bila taabu. Nikamwambia afungue, tuijaribu. Fomu ilitaka ndoo ishirini mfululizo.

Alisita. "Ndoo tano zinatosha, mwanangu. Maji utayaona."

"Fomu inataka ishirini."

"Basi kumi."

"Mzee, nina vijiji vinne vinanisubiri."

Alifungua kufuli. Swalehe alivua saa yake, akashika mpini, akaanza kupampu. Chuma kililia, maji yakatoka meupe na ya baridi. Ndoo ya tatu ilikuwa haijajaa nilipoona wanawake wanakuja mbio kutoka mashambani, wengine bado wameshika majembe. Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene, Epifania, mjumbe wa kamati ya maji. Alikuwa anahema, kanga imemdondoka begani.

"Yesu na Maria! Nani kafa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa nini afe mtu?"

"Pampu inalia," alisema, kama anamweleza mtoto.

Ndipo nikaelezwa. Wafadhili walipoondoka waliacha mipira mitatu, ile inayokaa ndani kabisa ya bomba na kuvuta maji. Mpira ukichakaa, maji hayapandi. Miwili iliisha ndani ya miaka mitano. Bohari ya serikali iliyokuwa inatoa vipuri ilishafungwa. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefunguka kila kona ya Songea, ungepata sabuni za kunukia, mitumba ya Ulaya na bia za kopo, ila mpira wa pampu hakuna aliyeuleta. Kwa hiyo kamati ilikaa na kuamua kuutunza ule wa mwisho. Pampu ifunguliwe kwa msiba, kwa mgeni wa serikali au wa kanisa, na kwa mama aliyejifungua, siku saba za mwanzo. Siku nyingine zote watu wachote mtoni.

"Wakati wanaondoka walituambia itunzeni," alisema mzee Hironimus. "Tumeitunza."

Nilipandwa na hasira, nakiri. Niliwaona wajinga. Miaka sita wananywa maji ya mto wanakoogea ng'ombe, na kisima kimefungwa kufuli! Ningeweza kusimamisha zoezi hapo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua yote niliyotumwa kuyajua. Lakini kisanduku cha ndoo ishirini kilikuwa bado kitupu, na mimi kisanduku kitupu kinanikera.

"Endelea, Swalehe."

"Mwanangu," alisema mzee.

"Endelea!"

Epifania alikuwa ameleta ndoo yake kutoka nyumbani, anamwaga maji ya alfajiri ili akinge mapya. Mkwe wake, Hilda, alikuwa amejifungua juzi, na zamu yake ya siku saba ilikuwa imeanza, ndoo moja tu kila alfajiri. Wanawake walipanga foleni wakicheka, wakadhani leo kufuli limefunguliwa kwa wote. Kumi na mbili. Kumi na tano. Kwenye ndoo ya kumi na saba mpini ukawa mwepesi ghafla, Swalehe akayumba nusura aanguke. Alipampu tena, na tena. Palitoka sauti ya hewa tu.

Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa heri wangenitukana. Mzee Hironimus alifungua pampu kwa spana zake, akavuta vyuma kimoja kimoja, kazi ya saa nzima, na mimi ambaye siwezi kukaa nilikaa. Mpira ulitoka vipande vitatu. Akaviweka kwenye kiganja, akaniangalia.

"Hapo kwenye karatasi, andika ni nzima," alisema. "Ulipofika ilikuwa nzima. Tusiandikwe kama watu walioshindwa. Tumesikia mradi wa mabomba mapya watapewa waliotunza."

Nilijua ninachopaswa kuandika. Nilijua pia kwamba mwaka ule watumishi walikuwa wanapunguzwa, na mkaguzi aliyevunja alichotumwa kukagua hakawii kuondoka. Nikaweka alama: inafanya kazi. Endelevu: ndiyo. Nilijidanganya kwamba nimemfanyia mzee hisani.

Wiki tano baadaye nilikuwa mezani kwangu nikipanga ripoti. Litundulwe ilikuwa ukurasa wa kwanza, kijiji cha mfano. Nikasikia sauti ninayoijua mlangoni kwa bosi wangu, Calvin. Mzee Hironimus, na koti lake lile lile, alikuwa anaomba mpira mmoja.

"Mipira imekuja, ndiyo," alisema Calvin, naye hakuwa mtu mbaya. "Lakini ni ya vijiji ambavyo pampu zimeharibika. Ya kwenu imeandikwa nzima. Na mabomba mapya nayo yanaanzia kwa wasio na maji, nyinyi mtasubiri awamu ya tatu. Nenda nyumbani, mzee. Mna bahati."

Mlango ulifungwa. Aligeuka, akaniona. Nilitamani sakafu inimeze. Alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole mbele ya ofisi nzima, lakini alikuja taratibu mezani kwangu, akapokea shikamoo yangu, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mtoto wa Hilda tumemlaza hospitali ya Peramiho," alisema kwa sauti ya chini. "Tumbo. Wanasema ni maji. Anaendelea vizuri sasa, lakini atarudi nyumbani Jumamosi."

"Pole sana, mzee."

"Asante. Ulituandika vizuri, mwanangu, na mimi ndiye niliyekuomba. Sasa nimekuja unieleze, tufanyeje ili tuandikwe vibaya?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Alitaka kujua utaratibu, kama kuna fomu ya kujaza au barua ya mtendaji. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilichukua faili la Litundulwe, nikamshika mzee mkono, nikafungua mlango wa Calvin bila kubisha.

"Kuna nini tena, Tumpe?"

"Kuna pampu niliyoivunja," nikasema.