Askari wa Kapteni Bersani

Watu wa filamu walipofika Kinole walisema milima yetu inafanana na ya Uhabeshi. Filamu yao ilihusu maisha ya Kapteni Bersani, ofisa wa jeshi la Italia wa karne ya kumi na tisa. Oscar, mkalimani wao kutoka Morogoro Mjini, alitusimulia: Kapteni alikuwa mtoto wa fundi viatu, alipigana ili nchi yake iungane, akavishwa nishani. Baadaye akapelekwa Afrika, akaamriwa kuchoma vijiji, akavichoma. Aliporudi kwao akawa mtu wa kimya, hata na mkewe haongei.

Severini, mkulima wa mdalasini, alipewa nafasi ya askari mwenyeji wa Kapteni. Kazi yake ilikuwa kumtoa bibi mmoja ndani ya nyumba kabla haijachomwa. Siku ilipofika akakuta bibi mwenyewe ni Yustina, mama wa mkewe Judith.

Huku kwetu mtu hamgusi mama mkwe. Tena shamba analolima Severini ni la ukoo wa Yustina.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alimwambia Oscar. "Tafuteni mwingine."

Oscar akaenda kwa mwongozaji, akarudi. "Anasema jua linazama. Na sura ya bibi ameipenda."

Yustina alikuwa amesikia. "Nivute tu, baba. Si maigizo?"

Akamvuta kwa ncha za vidole. Mwongozaji akakataa. Akamvuta tena, akakataa tena: askari gani mwenye haya namna hiyo? Kila waliporudia, watu waliojipanga kutazama walicheka zaidi, na aibu ya Severini ikageuka hasira. Mara ya mwisho alimkamata mama mkwe kiwiko, akamtoa kwa nguvu mpaka kilemba kikadondoka na magoti yakazama kwenye matope. Nyumba ya nyasi ikawashwa. Wageni wakapiga makofi.

Severini akamwinua. "Nisamehe, mama."

Yustina alifunga kilemba chake, akateremka kwenda kwake.

Jumapili Severini alimwomba mjomba wa Judith amsindikize kwenda kuomba radhi, wakabeba kuku na doti ya khanga. Yustina alivipokea.

"Sina kinyongo," alisema, akimtazama mjomba. "Mwambie hivi tu. Mara za mwanzo alikuwa anaigiza. Ile ya mwisho niliuona uso wake. Hakuwa anaigiza."

Mjomba akamgeukia Severini. "Ni kweli?"

Severini alitaka kusema kwamba aliamriwa, kwamba mama mwenyewe aliruhusu.

"Ni kweli, mjomba."

Hakunyang'anywa shamba, na Judith hakumwacha. Ila karafuu zake zilipokomaa, Yustina aliwaita wakwe zake wengine waje kumsaidia kuchuma. Severini aliwasikia wakiongea huko mitini, akaendelea kubandua magome ya mdalasini peke yake.