Mtu wa Kumpigia Simu

Severa ndiye aliyekitafuta kile kikundi. Elimringi, mumewe, hakutafuta chochote; siku hizo alikuwa akishinda baa za nyuma ya soko la Kariakoo, na jioni wapagazi waliomfahamu walimrudisha nyumbani Mchafukoge wamemshika makwapa. Severa alifungua duka lao la ndoo na mabeseni peke yake, akafunga peke yake, na katikati ya kuuza akawa anaulizia. Nesi mmoja akamwambia kuna watu walioacha pombe, hukutana kila Alhamisi upande wa Msimbazi, kwenye chumba nyuma ya kanisa. Mara ya kwanza alikosea mlango, akakuta kwaya inafanya mazoezi, na kwa aibu akakaa mpaka wimbo ukaisha. Mara ya pili akakipata. Akambembeleza mumewe, akampigia pasi shati, akamfikisha mlangoni.

Hapo mlangoni alikuwepo mzee Mwinyimvua, aliyekuwa akiongoza mikutano. Severa akamwamkia, mzee akaitikia kwa upole, kisha akamweleza kwamba chumba kile ni cha wenye tatizo tu, na yanayosemwa ndani hubaki ndani. Severa akakaa nje kwenye benchi. Alisikia viti vikiburutwa, kisha kicheko, na sauti ya mumewe ilikuwemo humo.

Elimringi akaacha pombe kweli. Majirani wakampa Severa hongera, naye akazipokea huku moyo una donge. Kila Alhamisi mumewe alirudi na uso mkunjufu, uso ambao Severa hakuuona tangu enzi za uchumba. Akimuuliza wamezungumza nini, jibu lilikuwa lile lile: mambo ya kawaida tu, Mama Jacqueline. Miaka yote yeye ndiye aliyefua mashuka na kuwadanganya wakwe kule Machame kwamba mtoto wao ana malaria. Leo watu waliomjua juzi ndio wanaopewa ya moyoni.

Halafu likaja jina la Moza. Kila mwanakikundi alikuwa na mtu wa kumpigia simu hamu ya pombe inapombana, na wa Elimringi alikuwa huyo.

Mchana mmoja Severa aliingia stoo kuchukua mabeseni ya mteja. Akamkuta mumewe ameketi chini kati ya ndoo, simu sikioni, analia. Alikuwa akimwambia Moza kwamba Beno, rafiki yake wa baa, amepita kumwita, na miguu yake ilishaanza kwenda. Severa hakuwahi kuona machozi ya mtu huyu, hata siku alipomzika mama yake. Alirudi kinyumenyume, akamwambia mteja mabeseni yamekwisha.

Kesho yake alijifunga kitenge chake kizuri akaenda Mtaa wa Kongo, alikosikia Moza anauza madera. Njiani alikuwa akiomba amkute kizee, au angalau mbaya wa sura. Alimkuta mwanamke wa makamo, ngozi laini, wanja umekaa sawasawa, sauti nzito ya kupendeza. Akamchukia papo hapo.

"Mimi ni mke wa Elimringi," alisema.

Moza akamvutia kiti, akamwagizia chai ya tangawizi. Severa hakuigusa.

"Jana nilimsikia stoo akikulilia habari za Beno. Mengine anakuambia nini?"

"Siwezi kukuambia, dada."

"Ni mume wangu."

"Najua. Mimi nilikuwa nakunywa chooni, nimejifungia, halafu natoka naswali. Mume wangu alipojua alinirudisha kwetu. Kwa hiyo nakuelewa, na bado siwezi kukuambia." Moza akakunja dera lililokuwa mapajani mwake. "Nikuulize. Jana angekuja kwako akakwambia miguu inampeleka kwa Beno, ungefanyaje?"

Severa akataka kusema angemkumbatia. Lakini aliijua nafsi yake. Angemnusa mdomo, angemnyang'anya simu, angempigia kaka yake, angelia yeye mpaka Elimringi aanze kumbembeleza.

"Mimi akianguka, nitasikitika," Moza akasema. "Wewe akianguka, nyumba yako inaanguka. Ndiyo maana anaogopa kukuambia."

Severa aliondoka bila kuaga vizuri. Maneno yale yalimkera zaidi kwa sababu yalikuwa ya kweli, na kwa sababu yalitoka kwa mwenye wanja ule.

Wiki chache baadaye, Jumapili baada ya chakula, Elimringi alikuwa akitembea sebuleni bila kutulia. Mwishowe akasema, bila kumtazama mkewe, kwamba leo hamu imemshika vibaya. Severa akahisi mikono ikitaka kuinuka. Akaikalia.

"Asante kwa kuniambia," alisema, na sauti ikamtoka kavu. Kisha Severa mwenyewe akamwambia, "Mpigie Moza."

Elimringi akatoka na simu kwenye baraza la ghorofa. Severa akaosha vyombo, na kupitia dirishani akasikia mumewe akizungumza kwa sauti ya chini, kisha akicheka. Kile kicheko kilimchoma kama kawaida. Akafungulia bomba kwa nguvu zaidi, akaendelea kusugua sufuria. Alipogeuka kuifuta meza, Elimringi alikuwa amesharudi ndani, anatafuta kitambaa cha kukaushia vyombo.