Mchi wa Nabintu

Vumbi la Kyebando, mtaa wa Kampala, halisubiri upepo. Asubuhi, jua likiwa bado linapapasa mabati, lenyewe huruka kutoka ardhini, jekundu, jepesi, likacheza kidogo juu ya vidole vya miguu ya Nabintu, kisha likatulia. Kinacholirusha ni mchi. Mchi unapanda, mchi unashuka, na kila ukishuka vumbi linaruka.

Mchi huo ulitoka Bukavu, Kongo. Wakimbizi wenzake Nabintu walivuka mpaka na picha za harusi, na funguo za milango isiyokuwepo tena. Yeye alivuka na mchi begani. Kinu alikipata hapa hapa. Majani ya muhogo nayo aliyapata hapa, bure, kwa kuwa Kyebando ilikuwa ikiyatupa. Nalongo, mama wa mapacha, aliyelima ng'ambo ya uzio, aling'oa mihogo yake na kuyarusha majani jalalani. Nabintu akayaokota.

"Banange!" Nalongo akashangaa kwa Kiganda. "Hayo ni ya mbuzi, nyabo!"

"Basi niite mbuzi. Ila jioni uje na sahani."

Nalongo alikuja na sahani. Wiki iliyofuata alikuja na sufuria. Na Kiswahili, alichokiogopa tangu utotoni kwa sababu alikisikia kwanza vinywani mwa wanajeshi, akaanza kukitumia kuomba pilipili.

Mchi ukapanda, mchi ukashuka, na miaka ikatwangika humo pamoja na majani na vitunguu: miaka ya kibali kinachoisha na kuombwa upya, miaka ya watoto kuota kwa Kiganda na kulia kwa Kiswahili, miaka ya kuulizwa unatoka wapi na kujibu, hapo tu, nyuma ya kanisa. Ishirini na ushee. Ndipo akaomba uraia wa Uganda, kwa haki ya kukaa. Maana aliyekaa kiasi hicho hakai tena, ameota mizizi.

Lakini hofu ikamfundisha ujinga. Aliambiwa ofisa wa uhamiaji atafika mtaani kuhakikisha kama kweli anaishi pale. Nabintu akajitazama kwa macho ya ofisa, akaona mchi tu. Akaona sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, chakula cha Wakongo. Akauviringisha mchi kwa kitenge, akausukuma uvunguni mwa kitanda, na wiki nzima akapika matoke ya Waganda kwenye majani ya mgomba, kimya, kwa adabu, kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kimya kile kilisikika mtaa mzima. Waliozoea kuamshwa na mchi walichelewa kazini.

Ofisa akaja. Viatu vyeusi, vumbi limelala. Akasimama kwenye duka la jirani, Makokha, Mkenya wa Bungoma, muuza sukari na habari.

"Namtafuta Nabintu."

"Mama wa sombe? Huyo alihama, bosi. Wiki nzima hatujasikia mchi. Hata kuaga hakuaga! Mtu mmekaa naye miaka yote hii, halafu anapotea tu hivyo? Mimi imeniuma, sikufichi."

Nabintu alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia miaka ishirini na ushee ikifutwa na mtu aliyekuwa akimlilia. Alisikia viatu vikigeuka kuelekea barabarani. Mikono yake ikaingia uvunguni, ikaufungua ule mchi, ikautoa hadi uani.

Tu!

Kinu kilikuwa kitupu, na sauti yake ikawa kubwa zaidi. Tu! Tu! Vumbi likaamka. Dirisha likafunguka, na jingine, na jingine.

"Yupo!" Makokha akapiga kelele. "Bosi, rudi! Yupo!"

Nalongo naye akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, udongo magotini. "Ssebo, bwana, huyu ni wetu! Nani mwingine angetusumbua hivi kila siku ya Mungu?"

Ofisa akaifuata sauti mpaka uani. Akachungulia ndani ya kinu.

"Unatwanga nini, mama?"

"Woga," akasema Nabintu.

Ofisa akacheka mpaka akavua kofia.

Miezi ikapita. Siku ya kiapo Nabintu alisimama kati ya wengine, akainua mkono wenye sugu za mchi, akaapa kwa sauti isiyotetemeka. Bukavu haikumtoka mwilini. Ilisogea kidogo tu, ikaipisha Kampala ikae.

Jumapili iliyofuata, jua likipapasa mabati, mchi ukapanda, mchi ukashuka. Vumbi likaruka, lile lile, jekundu, jepesi, likatua miguuni pake. Zamani angelipangusa. Sasa aliliacha likae, kama vile ni ngozi yake mwenyewe.

Makokha akatoa kichwa dirishani, shuka mabegani.

"Mama wa sombe! Leo Jumapili, watu wamelala! Uraia umepewa juzi tu, tayari unatutesa! Omba hata samahani!"

Nabintu akaushika mchi vizuri, akauinua mpaka juu ya kilemba chake kipya.

"Siombi," akasema.

Na mchi ukashuka.