Sahani ya Mama Mkwe

"Kilo kumi na tisa," Nehemiah, karani wa kituo cha chai, akasema, akaigonga mizani kwa kalamu kana kwamba haiamini. "Gentrix, hii yote ni yako peke yako?"

"Ya nani tena?"

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Miezi michache iliyopita Gentrix alikuwa akileta kilo sita, saba, na siku nyingine haji kabisa. Mama Barnaba, ambaye shamba lake limepakana na lake, akamshika mkono na kuvigeuzageuza vidole vyake kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Khane, kumbe vimenyooka kweli! Si ulikuwa huwezi hata kufunga kifungo?"

"Namshukuru Mungu. Na yule mama wa lishe kule kliniki."

"Lishe!" Mama Barnaba akawatazama wenzake. "Sisi tunajua dawa yako, dada. Tangu uache kulanga kwa mama mkwe wako, umepona. Wewe ulikuwa mwerevu. Phanuel maskini hakujua kukataa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nehemiah aliinamia daftari lake. Mkono wa Gentrix ulibaki ndani ya mkono wa jirani yake, na ilimchukua muda kuelewa kilichosemwa, kama mtu aliyejikata kwa wembe, anayeiona damu kabla ya kusikia uchungu.

Phanuel alikuwa mume wake, na mtoto wa kiume wa pekee wa Rosebella. Ini lilimmaliza kwa miezi mitatu, mwaka wa nne sasa. Baada ya mazishi ndugu wa ukoo walipokaa kujadili mjane, Rosebella alisimama katikati yao na kitambaa chake cha kichwa kikiwa kimelegea, akasema, "Huyu haendi popote. Huyu ni mtoto wangu." Na tangu siku hiyo, kila jioni jua linapokwenda kuzama, sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine ilivuka ua kutoka jikoni kwake hadi mlangoni kwa Gentrix. Obusuma, ugali mweupe, mgumu, umekatwa vizuri. Maharagwe au nyama iliyokaangwa kwa mafuta mengi, maana Rosebella aliamini mafuta ndiyo upendo unaoonekana.

Kisha maumivu yakaja. Yalianza kwenye vidole, yakaenda kwenye viwiko na magoti, na pamoja nayo ukaja uchovu ambao usingizi haukuweza kuuondoa. Aliamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Kliniki walimpa vidonge, wakampeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye hakumwahidi kitu.

"Chakula si muujiza," alimwambia. "Vidonge usiviache. Lakini tujaribu. Punguza kitu kimoja, wiki tatu, uandike mwili unasemaje. Halafu kingine."

Gentrix alinunua daftari la shule akaandika. Wiki tatu bila sukari: afadhali kidogo, kichwa ni chepesi. Wiki tatu bila nyama na bila mafuta ya kukaangia: asubuhi vidole vinafunguka kabla chai haijachemka. Alikula mboga za mrenda na saga, viazi vitamu, omena za kuchemsha, ugali wa wimbi kidogo. Alikula bila furaha, kama mtu anayetekeleza kazi, lakini mwezi wa tano tangu aanze alifunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, akakaa kitandani akalia.

Sahani ya jioni aliirudisha kwa upole. "Mama, daktari amenikataza mafuta." Rosebella aliitikia kwa kichwa. Siku ya maombi ya akina mama nyumbani kwa Rosebella, Gentrix, kwa kutotaka kumpa kazi ya kupika mara mbili, alibeba chakula chake ndani ya hotpoti. Alikifungua palepale, mbele ya wageni kumi na wawili, huku kuku wa Rosebella akipoa mezani.

Alidhani amemwonea huruma. Sasa, akitoka kituoni na kikapu kitupu mgongoni, aliiona siku ile kwa macho ya wale wageni. Katika kijiji chao, kila anayeuogopa mkono wa mpishi husema daktari amemkataza. Ndiyo njia ya heshima ya kusema jambo lisilosemeka. Na yeye alikuwa amelisema, halafu akapona.

Alimkuta Rosebella amekaa kizingitini, mapera yameoza chini ya mti wake. Zamani watoto wa jirani wasingeliacha hata moja lianguke.

"Mama, wewe ulijua wanasema nini?"

"Mimi ni mzee, si kiziwi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Urudi kula ndio uumwe?" Rosebella alitazama mapera. "Ulikuwa unaamka unaimba. Nilikuwa nakusikia kutoka hapa. Nikasema, wacha waseme."

"Jumapili utapika," Gentrix akasema. "Utapika kuku vile unapikanga. Nitawaita wote. Nitakula mbele yao mpaka mifupa."

"Acha, mwanangu."

"Utapika, Mama."

Jumapili ile Rosebella alipika kama mtu anayeandaa harusi. Ingokho, kuku wawili wazima, mchuzi mzito uliometameta, obusuma wa kulisha ukoo. Akina mama wa kanisa walikuja saba, maana udadisi nao una miguu. Walinawa mikono. Walimega vipande vidogo, wakavizungusha kwenye sahani, wakangoja.

Gentrix alikula. Alikula paja, akala mgongo, akachovya tonge baada ya tonge. Mwanzoni alikula kwa ajili ya macho yale. Kisha ladha ikamkamata: vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, chumvi, moshi wa kuni. Ilikuwa ladha ya jioni zile za baada ya mazishi, alipokuwa hawezi kulala wala kusema, na sahani ikavuka ua bila kuuliza chochote. Machozi yalimtoka.

"Pilipili," akawaambia.

"Hakuna pilipili hapo," Rosebella akasema, na wanawake wawili wakacheka kwa kweli, wakaanza kula. Mmoja hata aliomba kuongezewa. Mama Barnaba aliifuta sahani yake kwa kidole, na alipoaga alimwambia Rosebella, "Mama, mkono wako bado uko vilevile." Mzee yule alisimama mlangoni akiwatazama wakienda, mgongo wake umenyooka kidogo.

Jumatatu Gentrix aliamka na hakuweza kukunja vidole, na vile vilivyokunjika havikuweza kunyooka.

Labda haikuwa chakula. Mama wa lishe alikuwa amemwambia kwamba maumivu haya yana siku zake, huja hata kwa aliyefuata kila kitu, na wiki ile yote Gentrix alikuwa hajalala kwa mawazo, na mvua ya Jumamosi ilimnyeshea shambani. Aliyajua hayo yote. Lakini alijua pia nani angeyasikiliza.

Kwa hiyo akainuka. Alivaa kwa meno na viwiko, akabeba kikapu mgongoni, akaenda kuchuma, ili aonekane akichuma. Majani mawili na chipukizi: kazi ya vidole viwili, ambayo mikono yake iliifanya miaka kumi na tano bila kuuliza akili. Sasa alibana jani kati ya kiganja na kidole gumba, akavuta tawi zima. Aliimba ili asikike. Kufikia saa nne alikuwa na majani ya kufunika sehemu ya chini ya kikapu tu, mengi yamechanika.

"Gentrix!" Mama Barnaba aliita kutoka upande wa pili wa mistari ya chai. "Leo unachuma kama nani?"

"Nimechoka tu, dada."

"Umechoka na nini? Jana si ulikuwa mzima?"

Alitaka kujibu. Aliinua mkono kuiweka sawa kamba ya kikapu, kamba ikamponyoka, kikapu kikaanguka, majani yakamwagika matopeni. Aliinama kuyaokota na vidole vikakataa. Mama Barnaba alikuwa ameshafika karibu. Aliitazama ile mikono, safari hii bila kuigusa. Kisha akajishika tumbo lake mwenyewe, polepole, kama mtu anayekumbuka alichokula.

Akageuka, akarudi upesi kati ya mistari ya chai.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari, na aliyeomba kuongezewa kuku alisemekana amelala, anaharisha.

Rosebella alikuja kwa Gentrix mikono mitupu. Aliketi kando ya kitanda akamsugua vidole kwa maji ya moto, kimoja kimoja, bila haraka.

"Kesho naenda Likuyani, kwa binti yangu," akasema.

"Mama, nitawaeleza. Nitamleta yule mama wa kliniki, awaambie mwenyewe."

"Ukiumwa, ni mimi. Ukipona, ni mimi. Nikikaa hapa, mwili wako hautakuwa wako, utakuwa ushahidi." Alihamia mkono wa pili. "Wewe ule kile kinakusaidia. Usile tena kwa ajili yangu. Umesikia?"

Maji yalikuwa yamepoa, lakini hakuna aliyetoa mkono.

Asubuhi pikipiki ilingoja barabarani, mfuko mmoja umefungwa nyuma kwa mpira. Gentrix alikuwa amechemsha viazi vitamu, akavifunga kwenye jani la mgomba kwa shida. Majirani walikuwa wamesimama kwenye malango yao, kila mmoja akijifanya ana kazi pale. Rosebella alilifungua jani mbele yao wote, akala kiazi kimoja amesimama, mpaka kikaisha.

"Hakina hata chumvi," akasema. "Na wewe unakulanga hivi kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Pole, mwanangu." Akafunga vilivyobaki, akaviweka kifuani, akapanda.

Pikipiki iliposhika mteremko, mzee yule aligeuka. Gentrix aliinua mkono kumpungia. Vidole havikufunguka. Alibaki ameuinua hivyo juu ya kichwa, umekunjwa, na kwa aliyekuwa akienda, kutoka kule chini barabarani, ungeonekana kama mkono ulioshika kitu na kukataa kukiachia.