Rejeta ya Oili ya Shangazi

Fundi alikuwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kichwa chini ya injini, akisubiri oili imalize kudondoka. Ilikuwa nyeusi na ilinuka kuungua, kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Karibu na tairi ilisimama miguu miwili yenye viatu vilivyokanyagwa visigino. Ilikuwa miguu ya dereva.

"Kachemka tena," dereva alisema.

"Maji?"

"Yamejaa. Rejeta nzima, feni inazunguka. Ni oili tu ndiyo inapanda moto."

"Mlikuwa mnapanda mlima?"

"Tulikuwa tumeegesha. Bosi alikuwa anaongea na simu."

Gari lilikuwa la idara ya madaraja, gari la porini la zamani, la aina ile yenye vioo vya kusukuma pembeni na milango isiyofunga bila teke. Walimwita Shangazi kwa sababu alikohoa, alijua siri za kila mtu, na hakuondoka mahali mpaka asukumwe. Alikuwa amewabeba wakurugenzi wote, tangu yule mwenye masharubu hadi huyu wa sasa anayejipulizia manukato mpaka kwenye mkoba. Wakurugenzi walikwenda zao, Shangazi akabaki, na yaliyosemwa ndani yake yakabaki naye.

Dereva alichuchumaa, akaeleza alichokiona. Bosi akisalimia, mshale wa geji ya oili hautikisiki. Akisema kwenye simu kwamba yuko njiani, na bado yuko kitandani, mshale unapanda kidogo. Akimwambia mkewe yuko kikaoni, unafika nusu. Na akiwaambia watu wa ng'ambo ya mto kwamba daraja linaanza mwezi ujao, unagonga kwenye nyekundu na moshi unatoka kwenye boneti.

"Kumbe ni uongo," Fundi alisema.

"Ni uongo."

"Na mimi nimebadilisha filta bure."

Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Hakuona ajabu. Gereji ya idara ya maji walikuwa na lori lililokataa kurudi nyuma kila Ijumaa, na walilizoea, wakawa wanaliegesha Alhamisi likiwa limeelekea nje. Injini za zamani ndivyo zilivyo, zinasikiliza. Dawa zilikuwa mbili: bosi aache kusema uongo, au Shangazi afungiwe rejeta ya oili. Stoo hawakuwa na spea ya ile dawa ya kwanza.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," dereva alisema.

"Wahenga hawakufungiwa rejeta," Fundi alimjibu, akaenda kutafuta spana.

Hakuifanya kazi ile kwa moyo mweupe. Nyumbani kwake alikuwa na mama mkwe. Mama huyo alivuka mto kabla ya mvua kuja kumwona mjukuu aliyezaliwa, na alikuja na kimfuko cha nguo za siku mbili. Mto ukajaa nyuma yake. Tangu hapo alilala kitandani na binti yake na mtoto, na Fundi alilala sebuleni juu ya kiti cha nyuma cha gari bovu, miguu ikitokea mlangoni. Mama mkwe alikuwa amezipanga upya spana zake, si kwa namba bali kwa uzuri.

Kila alasiri mama mkwe alikwenda ukingoni. Ng'ambo alisimama baba mkwe, mdogo kama njiti, na wakaendesha nyumba yao kwa kupiga kelele.

"Chumvi iko wapi?"

"Kwenye kopo la majani ya chai."

"Na majani ya chai?"

"Umekaa na mimi miaka yote hiyo, unaniuliza mimi?"

Kuna siku baba mkwe hakuuliza chochote. Alisimama tu, akakohoa, akarudi ndani. Jioni hiyo mama mkwe hakula.

"Kavaa shati la juzi," alisema. "Na kakonda. Au ni macho yangu? Sitaki makubwa, mwanangu. Nataka nimguse paji la uso tu, nijue kama ana homa."

Ukingoni pale palikuwa na mawe ya msingi ya daraja. Kila mkurugenzi aliweka lake. La mwenye masharubu wanawake walifulia juu yake. La yule aliyelia alipolifunua lilinoa visu vya nusu ya mtaa. La yule aliyekuja na bendi likawa la mbuzi. Mawe yalikuwa mengi kiasi kwamba yangepangwa vizuri majini yangefika ng'ambo, lakini yalikuwa mali ya umma na kuyasogeza ni kosa. Fundi aliyakumbuka yote, nani aliweka, alisema nini, alivaa nini. Shule hakwenda nayo mbali, ila kumbukumbu yake haikuwa na breki. Alijiapiza kwamba siku moja mmoja wao atasema ukweli mbele ya watu, na siku hiyo yeye Fundi atakuwepo, na atalisimamia neno hilo mpaka kieleweke.

Rejeta aliipata kwenye mzoga wa lori la mchanga. Aliiosha kwa dizeli, akaifunga nyuma ya grili, mbele ya rejeta ya maji. Kati ya filta na injini akaweka kisahani cha chuma chenye midomo miwili: mpira mmoja utoe oili ya moto, mwingine uirudishe ikiwa imepoa. Palipokuwa na hatari ya mpira kusuguana na chesesi akauviringishia tyubu kuukuu. Ikabaki feni ndogo ya kuvuta upepo, yenye nyaya mbili.

Hapo ndipo mama mkwe alipomletea chakula. Alisimama akainamia boneti kama anayechungulia chungu cha mwenzake.

"Hiki ndicho kitaniletea daraja?"

"Hapana, mama. Hiki ni cha kumsaidia mkurugenzi asichemshe injini."

"Asichemshe akidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo adanganye mpaka achoke yeye, gari lisichoke."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe aliweka bakuli juu ya betri. "Na mimi nikamwambia binti yangu, olewa na fundi, fundi ni mtu wa maana."

Aliondoka. Fundi alibaki ameshika waya huku na waya kule, masikio yakimwaka, akaunganisha nyekundu kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu. Fundi yeyote ameshafanya kosa hilo, na wengi huapa hawajafanya. Feni ilizunguka vizuri, ila kinyume. Badala ya kuvuta upepo uingie, ilisukuma joto litoke kwa mbele. Alipoligundua, bosi alikuwa ameshapanda, kavaa suti, anataka kwenda mtoni kuweka jiwe.

"Mkuu, nipe dakika nigeuze waya."

"Inazunguka, haizunguki?"

"Inazunguka."

"Basi twende."

Fundi alipakiwa ili aangalie geji. Mama mkwe naye aliomba lifti mpaka ukingoni, akakaa nyuma, juu ya jiwe la msingi, kimfuko mapajani.

Dereva aliegesha pua ya Shangazi ikitazama maji. Injini haikuzimwa, kwanza kwa sababu kipaza sauti kilikula betri yake, pili kwa sababu kuizima ni kutafuta wasukumaji. Watu walikwishakusanyika pembeni. Bosi alisimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja juu ya paa.

"Ndugu zangu ninaowapenda," alianza.

Mshale ukapanda kidogo. Kwenye grili ukatoka upepo wa moto, wa kunyoosha nguo. Mashuka yaliyoanikwa vichakani yalikauka. Mwanamke mmoja alisogeza sufuria yake ya maharage mbele ya Shangazi, akaitegemeza kwenye jiwe la yule aliyelia.

"Tangu nimeingia ofisini silali usingizi kwa ajili ya mto huu."

Maharage yakatokota.

"Na leo nawaahidi, daraja litakamilika kabla ya mvua zijazo."

Mto ulitoa mvuke mbele ya grili. Kisha maji yakajitenga, yakaacha tope, na tope likakauka na kupasukapasuka, njia yenye upana wa gari, kutoka ukingo huu hadi ule. Huku na huku maji yalisimama wima yakisubiri, kama watu kwenye foleni wasioaminiana. Kambale mmoja alibaki katikati, akaangalia kushoto na kulia, akarukia upande uliokuwa na jamaa zake.

Mwanamke mwenye kuku alitangulia kuvuka. Akafuata mwenye baiskeli. Kutoka ng'ambo alikuja mzee na redio yake iliyoharibika, akauliza fundi redio anakaa wapi. Mama mkwe alivua viatu kwa mazoea, akaona hakuna maji, akavivaa tena, akashuka.

Bosi aliendelea, lakini aliona hakuna anayemtazama. Macho yote yalikuwa kwenye njia. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi akinyimwa huishiwa nguvu. Alifuta jasho, akakishusha kipaza sauti kidogo, na sauti yake ikawa ya mtu wa kawaida.

"Kusema kweli, ndugu zangu..."

Mshale ukashuka. Fundi aliuona. Aliinua macho, akaona kuta za maji zinalegea.

"Kusema kweli, vyuma vya daraja vililetwa. Vililetwa zamani. Vile vyuma ndivyo vilivyoshika paa la..."

Fundi alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu jiwe la masharubu. Ilikuwa inakuja yenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu, kwenye kipaza sauti. Ilibaki neno moja, paa la nani. Na mama mkwe alikuwa katikati ya mto, kimfuko kichwani, maji yameshafika magotini, yanapanda.

Fundi alitoa kichwa dirishani.

"Mkuu, usiseme hivyo. Tuambie habari za daraja."

Bosi aligeuka. "Ila nilikuwa nataka nitubu."

"Utatubu siku nyingine, mkuu. Daraja litakuwa na njia ngapi?"

Bosi alisita. Maji yalifika kiunoni. Watu wakaelewa, wakapokezana.

"Na hospitali, mheshimiwa?"

"Na lami?"

"Mheshimiwa, ile ndege uliyosema itatua hapa."

Bosi alinyooka. Rangi ilimrudi usoni. "Daraja litakuwa na njia nne," alisema, "mbili za magari, moja ya miguu, na moja ya akiba. Lami itafika mlangoni kwa kila mtu, mpaka kwa wasio na milango. Hospitali ya ghorofa, madaktari ghorofa zote. Na mimi binafsi, ndugu zangu, sijawahi kuchukua hata msumari."

Upepo uliotoka kwenye grili uliunguza nyasi. Mto ulikauka mbele yake mpaka ukaanza kutoa vumbi. Mipira ya oili ilitulia, klipu hazikuvuja, na Fundi hakuweza kujizuia kuona kwamba kazi yake ilikuwa nzuri.

Mama mkwe alifika ng'ambo. Aliweka kimfuko chini, akamshika baba mkwe paji la uso kwa kiganja, akakiacha hapo. Kisha sauti yake ilisikika ikivuka mto wote, ikiuliza shati hilo limevaliwa tangu lini.

Siku hizi kila siku ya soko bosi anakwenda mtoni kuhutubia, na watu wanavuka. Wanaotaka kurudi jioni wanamwomba aseme tena baada ya chakula. Fundi aliomba ruhusa ageuze zile nyaya, akaambiwa akizigusa atafute kazi kwingine. Badala yake aliletewa rejeta ya pili, kubwa, mpya, ndani ya boksi lake, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unakaribia. Aliifunga pembeni ya ile ya kwanza, na mshale bado ulipanda kila bosi alipodanganya. Jiwe lile jipya lilitumiwa kuzuia tairi la Shangazi asiteleze majini.

Habari za vyuma kila mtu alizisikia. Hakuna aliyeuliza ni paa la nani, maana jibu lingetaka bosi aseme kweli, na akisema kweli mwenye kuku atarudi vipi? Fundi peke yake ndiye anayeikumbuka ile sentensi, mpaka pale ilipokatika, na anajua nani aliikata. Usiku halali vizuri, ingawa analala kitandani kwake. Mama mkwe anakuja kila siku ya soko kuangalia spana.

Juzi walikuwa wanarudi kutoka mtoni, dereva anaendesha, Fundi katikati, macho kwenye geji, bosi anajipepea kwa kofia.

"Mshale uko wapi?" bosi aliuliza.

"Chini, mkuu."

"Unaona," bosi alisema. "Mlilalamika weee. Sasa si mna daraja."

Fundi aliutazama mshale. Haukupanda. Akagonga kioo cha geji kwa ukucha, labda umekwama. Haukuwa umekwama.