Waya Uliopita Ukutani

Umeme ulipokatika, akina mama wote wa wadi ya watoto wachanga waligeukia boksi jeusi lililokaa sakafuni. Mvua ilikuwa imeshashuka kutoka milimani na sasa ilichapa mabati ya hospitali. Mchana ulikuwa umegeuka kiza.

Boksi likalia. Ti. Likanyamaza. Ti.

Uwizeye akashika chuma cha kitanda. Binti yake, Igiraneza, alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake, na mpira mwembamba uliobandikwa puani mwake ulitoka kwenye mashine ya oksijeni. Mashine ilichomekwa kwenye boksi hilo, ambalo wauguzi waliliita ondulere. Ilikuwa bado inakoroma.

"Usiogope, Mama Igiraneza," alisema Fanny, muuguzi wa zamu. "Kuran ya umeme ikikuwa, ile kintu inanyamaza, inajiwekea akiba. Kuran ikienda, inatoa akiba yake, na inalia pole pole ili tujue. Ikianza kulia mbio mbio, njo akiba inaisha."

"Na ikilia bila kupumzika?"

 Macho ya Fanny yalikwenda nyuma ya kitanda, kwenye waya mweupe uliotoka kwenye boksi na kuzama katika tundu la ukuta.

"Hapo wameibebesha kupita nguvu yake," alisema kwa sauti ya chini. "Itajizima."

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa ofisi ya jestioneri, msimamizi wa hospitali, Bwana Hyacinthe. Kila mtu wadini aliujua waya ule na hakuna aliyeutaja. Muuguzi aliyewahi kuutaja alihamishiwa mbali, akaenda na watoto wake bila kuaga. Uwizeye naye alinyamaza. Alikuwa ameshuka kutoka Mulenge, huko milimani, na mtoto kifuani, mumewe Semana amebaki juu na ng'ombe waliosalia. Hapa mjini watu waliisikia lafudhi yake kwanza, ndipo wakaisikia haja yake. Aliogopa kuuliza hata choo kiko wapi.

Ofisini kulikuwa na wageni siku hiyo, watu wa mradi wa kuisaidia hospitali. Kicheko chao kilipenya ukutani. Vikombe vikagongana.

Kisha boksi likalia mlio mmoja mrefu, mkali, usiokatika. Mashine ya oksijeni ikakohoa mara moja, ikazima.

Midomo ya Igiraneza ilianza kugeuka rangi, ikawa kama majivu. Fanny alirukia pampu ya mkono, akaweka kinyago kidogo usoni mwa mtoto, akaanza kubonyeza.

"Minye siwezi kumuacha! Kimbia, waambie wachomoe!"

Uwizeye alikimbia pekupeku. Aliusukuma mlango wa ofisi bila kubisha, akaona mezani birika la umeme, mvuke ukitoka bado.

"Bwana, muchomoe ile birika! Mutoto wangu hapumui!"

Hyacinthe alisimama. Tabasamu la wageni lilikuwa bado usoni mwake.

"Mama, huku ni ofisi. Bantu banabisha hodi."

"Ondulere imezima, bwana! Nakupigia magoti!"

"Weye unatoka juu huko kwa ng'ombe. Mambo ya kuran unayajua wapi?"

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye nywele nyeupe, aliuliza kitu kwa Kifaransa. Hyacinthe akamjibu kwa upole, mkono kifuani. Katika maneno yake yote Uwizeye alitambua moja tu: merci, asante. Wageni wakamtazama, wakamtikisia vichwa kwa furaha.

Akapita katikati yao, akaushika waya mweupe pale sakafuni, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka ncha yake ikachomoka kwenye boksi, ikatokea tunduni. Alirudi mbio, mlinzi wa hospitali akimfukuza. Fanny alibonyeza kitufe cha boksi kwa kidole cha mguu, mikono ikiwa bado kwenye pampu. Mashine ikaguna, ikakoroma. Igiraneza akatoa kilio chembamba. Uwizeye akaketi chini kando ya kitanda, mlinzi amemshika bega.

Umeme ulirudi, na wageni wakaondoka. Hyacinthe aliingia wadini na Luc, fundi wa hospitali.

"Hiyo kintu inatutia haya mbele ya bageni. Inyamazishe."

Luc alipiga goti, akafungua boksi kwa bisibisi na kung'oa kidude cha mlio. Kisha akaivuta ncha ya waya mweupe iliyosukumwa tunduni kutoka ofisini, akaichomeka tena kwenye boksi.

"Patron," aliuliza bila kuinua uso, "na waya huu?"

"Waya gani?"

Luc akafunga kifuniko.

Hyacinthe akamwinamia Uwizeye. Alinukia kahawa. "Mama, kitanda hiki bengi banakingojea. Tumeelewana?"

"Ndiyo, bwana."

"Ndiyo nini?"

"Asante, bwana."

Walipotoka, ngurumo ikasikika upande wa ziwa. Fanny alikuwa amewapa mgongo, anakunja shuka ambazo zilikwisha kukunjwa. Taa zikafifia, zikawaka, zikazima. Boksi halikusema kitu. Nyuma ya ukuta friji ya ofisi iliendelea kuunguruma kwa akiba ya boksi. Mama mmoja baada ya mwingine akaacha kuzungumza, na Uwizeye akalamba kidole chake, akakiweka chini ya pua ya mtoto, akingojea kihisi baridi ya pumzi.