Hina ya Nywele, Hina ya Mikono

Tangu dawa ya kulainisha nywele ilipomchoma, Kulthumu hakutulia. Juu ya paji nywele zilikuwa zimekatika ovyo, kama majani yaliyopitiwa na mbuzi. Na kesho yake alitakiwa Muyinga, kwa Shangazi Salima aliyemlea Ilyasi, kijana aliyetaka kumwoa. Shangazi akimkubali, posa ingeletwa. Akimkataa, Ilyasi asingebisha, maana hakuwa na mama mwingine.

Kasilda, jirani yake hapo Musinzira, mjini Gitega, Mkristo aliyekulia Tanzania, alimletea hina ya unga.

"Koroga na chai ya rangi iliyokolea, upake hadi kwenye mizizi. Zilizobaki zitapata nguvu, na hilo pengo halitaonekana sana."

Kulthumu alipaka kwa mikono mitupu, akafunga kichwa kwa mfuko, akawa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipoosha, nywele zilikuwa zimekaza, zina wekundu mzuri. Akatabasamu. Kisha akaona vidole vyake, vimeiva rangi ya chungwa mpaka kwenye kucha.

"Vimependeza," alisema Kasilda.

"Umeniua, Kasilda. Kwetu msichana hapaki hina mikononi. Hiyo ni ya mwenye bwana."

"Si useme ni ya nywele?"

"Mi nikisema ya nywele, watataka kuziona."

Alisugua kwa ndimu, akasugua kwa majivu, akasugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka. Asubuhi rangi ilikuwa imekolea zaidi. Hina ikilala ndipo inapoiva.

Muyinga aliingia mikono ikiwa ndani ya mtandio. Chumbani walikuwa wanawake watupu, Shangazi Salima katikati yao. Kulthumu aliinama akaamkia bila kutoa mkono. Alipopewa chai alisema ameshiba. Aliposogezewa sambusa alisema amefunga.

"We binti, umeshiba ama umefunga?" Shangazi aliuliza. "Chagua moja."

Wanawake wakacheka. Kulthumu akatazama mlango.

"Basi lete mkono nikusalimie. Kwetu hatusalimii kitambaa."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Akautoa. Shangazi akaushika, akaugeuza.

"Donc, yaani we ni mke wa nani?"

Kulthumu akapiga hesabu. Akinyamaza, ni mke wa mtu aliyekuja kuwadanganya. Akisema, nani ataamini maneno matupu? Akavuta mtandio, akafungua na kilemba, akainamisha kichwa mbele yao wote, pengo likiwa wazi.

"Ni ya nywele, Shangazi. Dawa ilinichoma. Nikapaka hina bila kufunika mikono."

Shangazi alimvuta karibu, akazichambua nywele kwa vidole, akanusa.

"Ulipaka mafuta baadaye?"

"Hapana."

"Ndiyo maana ziko kavu hivi."

Akaagiza mafuta ya nyonyo, akamkalisha mkekani katikati ya magoti yake, akaanza kumpaka. Kulthumu hakujua kama anapakwa au anapimwa. Vidole vyake vilisokota pindo la gauni, vikaliachia, vikalisokota tena.

"Hiyo mikono uisugue mpaka itakate," Shangazi alisema mwishowe. "Hina ya harusi mtu hajipaki. Tutakuja Gitega kukupaka sisi."

Akamsogezea kikombe.

"Sasa kunywa chai. Ama bado umefunga?"